Gharama ya Sindano: Nani Alipaye, na Hulipa Nini?

Twawaletea ndugu wasomaji somo ambalo si katika masomo yapendezayo masikio. Hapa kwetu Kiserian, mji ulio chini ya vilima vya Ngong katika njia ya Magadi, mtoto mmoja wa chuo alikuja darsani jioni akiwa ameshika bomba la sindano alilolikuta mtaroni nyuma ya soko. Alidhani ni kitu cha kuchezea maji. Sindano yenyewe ilikuwa bado imo, na ndani ya bomba mlikuwa na alama ya damu iliyokauka. Mwalimu alimnyang'anya kwa hofu, akamkosha mikono kwa sabuni, akamtazama vidole kimoja baada ya kimoja. Alhamdulillahi, hakuwa amechomwa. Lakini tangu jioni ile hatukuweza kusema tena kwamba mambo ya unga ni ya Mombasa na Malindi, si ya kwetu.

Watu walipokusanyika barazani baada ya Isha maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema vijana hao watafutwe wafukuzwe mjini. Mmoja akasema amesikia kwamba katika miji mingine mateja hupewa sindano mpya bure, nao hurejesha zile chafu, ili maradhi yasienee. Hapo ghadhabu zikapanda. "Fedha ya umma inunue sindano za walevi, ilhali mama zetu wajifunguapo huambiwa wanunue glavu wenyewe?" Neno hili lina uzito, wala halifai kujibiwa kwa kelele. Sisi tuandikao tulikuwa pamoja na wale waliokasirika. Twakiri hivyo mapema ili msomaji ajue tulikotoka. Tuliazimia kulisoma jambo hili kabla ya kulihukumu, kwani kuhukumu kabla ya kusoma ni ugonjwa ambao darsa yetu iliundwa kuupiga vita. Haya ndiyo tuliyoyapata.

SUALA LA KWANZA: Jambo lenyewe ni nini?

Mtu ajidungaye unga hutia sindano mshipani, na damu kidogo hubaki ndani ya bomba. Mwenzake akilitumia bomba lile lile, damu ile humwingia moja kwa moja. Hii ni mojawapo ya njia nyepesi za kuhamisha virusi vya UKIMWI, na homa ya ini aina ya B na ya C. Naye aliyeambukizwa hakai peke yake: ana mke, au atakuwa naye, ana mtoto, au atakuwa naye. Maradhi yaliyoanzia katika bomba moja huingia katika nyumba ambayo haijapata kuona unga.

Kubadilishana sindano ni kumpa mtu huyu bomba jipya na kuchukua lile chafu likateketezwe. Jambo hili lilianza mjini Amsterdam mwaka 1984, nalo lilianzishwa na chama cha watumiaji wenyewe kwa kuihofia homa ya ini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale walioichunguza kazi ya namna hii mjini New Haven, Marekani, iliyoanza mwaka 1990, walizitia sindano alama ili wajue kila moja imezunguka kwa muda gani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kufahamika. Sindano ni kama mbu: kila izidipo kuishi ndivyo izidivyo kuuma watu. Ukiipunguzia siku zake za kuzunguka mikononi, umepunguza maradhi, hata kama idadi ya walevi ni ile ile.

SUALA LA PILI: Lilifikaje katika nchi yetu?

Unga ulianza kuonekana katika miji ya pwani katika miaka ya 1980. Mwanzo watu walikuwa wakiuvuta kwa moshi. Kisha ulipokuja unga mweupe uyeyukao kwa urahisi, wengi wakaingia katika sindano. Uchunguzi uliofanywa Nairobi na Pwani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2012, ulikuta kwamba katika kila watu 100 wajidungao, 18 wana virusi vya UKIMWI, na wanawake wamepatwa zaidi kuliko wanaume. Katika mwaka huo huo wa 2012, uchunguzi wa nchi nzima ulikuta kiasi cha watu 6 katika kila 100 ya watu wazima. Yaani moto ulikuwa ukiwaka katika chumba kimoja mara tatu kuliko nyumba nzima.

Serikali ikatangaza mwaka 2012 kwamba itaruhusu kugawa sindano, na kazi ikaanza baina ya mwisho wa mwaka ule na mwaka 2013. Baadhi ya maimamu wa pwani walipinga kwa nguvu, wakasema huku ni kuwapa walevi zana za maasi. Lakini yafaa msomaji ajue pia kwamba miongoni mwa waliobeba kazi hii kulikuwa na jumuiya ya Waislamu wenyewe, MEWA ya Mombasa, pamoja na Reachout ya huko huko na Omari Project ya Malindi. Jumuiya hizi hazikujifunza habari za mateja katika magazeti. Zilikuwa zikiwapokea, zikiwalisha na kuwatibu tangu zamani, na zilikuwa zimekwisha kuwazika wengi.

Desemba 2014 ikafunguliwa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kliniki ya kwanza nchini ya methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya muuguzi, imwondoleayo mtu arosto bila ya kujidunga. Mwaka 2015 zikafuata Malindi na Mombasa. Ndugu zetu wa Tanzania walikuwa wametangulia: Muhimbili ilianza mwaka 2011.

SUALA LA TATU: Gharama yake ni kiasi gani?

Hapa ndipo ilipokuwa ghadhabu ya barazani, basi tufanye hesabu kama afanyavyo mwenye duka. Hesabu hii ni ya mfano, si ya daftari la serikali. Msomaji aweza kubadilisha tarakimu akaona mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani limepata kuweka kipimo cha sindano 200 kwa mtu mmoja kwa mwaka, kisha likakipandisha hadi 300. Tushike 200. Tuseme bomba moja na sindano yake ni shilingi 10. Mtu mmoja atatumia shilingi 2,000 kwa mwaka, na watu 100 watatumia shilingi 200,000. Lakini sindano hazitembei zenyewe. Kuna mishahara ya wanaozigawa, masanduku ya kutilia zilizotumika, na gharama ya kuziteketeza. Tuzidishe mara mbili: shilingi 400,000 kwa watu 100 kwa mwaka mmoja.

Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Mtu akiambukizwa virusi vya UKIMWI hutumia dawa kila siku mpaka kufa kwake. Bei ya dawa hizi imeshuka sana, nasi twalisema hili kwa insafu, kwani linapunguza nguvu ya hoja yetu: mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba dawa za mtu mmoja kwa mwaka zinapatikana kwa chini ya dola 45. Hizo ni kama shilingi 5,800 kwa dola ya shilingi 129. Kijana wa miaka 25 akiishi miaka 30 kwa dawa hizo, itakuwa shilingi 174,000. Na hizo ni dawa tupu. Hatukuhesabu vipimo, mishahara ya madaktari, kifua kikuu kimwandamacho mgonjwa, siku asizofanya kazi, wala mke na mtoto.

Basi kwa watu 100, ikiwa sindano zitazuia maambukizo mawili tu kwa mwaka, tumeokoa shilingi 348,000, na kazi bado haijajilipa. Zikizuia matatu, tumeokoa shilingi 522,000, na hazina imepata faida. Swali lote la gharama limelala hapo: ni wangapi wanaookolewa? Asemaye kwamba ni kutupa mali, na asemaye kwamba ni faida tupu, wote wawili yawapasa kwanza kulijibu swali hili.

SUALA LA NNE: Waliotutangulia waliona nini?

Mwaka 1997 lilichapishwa katika jarida la madaktari la Lancet zingatio la miji 81 ya nchi mbalimbali. Katika miji 52 isiyokuwa na kazi hii, virusi miongoni mwa wajidungao vilikuwa vikipanda kwa asilimia 5.9 kila mwaka. Katika miji 29 iliyokuwa nayo, vilikuwa vikishuka kwa asilimia 5.8. Australia ilifanya hesabu ya hazina yake kwa miaka ya 2000 mpaka 2009. Serikali ilitumia dola za nchi ile milioni 243. Wahasibu wao walikadiria kwamba maambukizo 32,050 ya virusi vya UKIMWI yalizuiliwa, na karibu 97,000 ya homa ya ini C. Na kwamba kila dola moja iliyotoka ilirudisha dola nne katika gharama za matibabu.

Na walioacha, yaliwapata yepi? Mjini Edinburgh, katika Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1980 polisi walikuwa wakinyang'anya sindano na maduka yakaacha kuuza. Watu hawakuacha unga. Walishirikiana mabomba machache yaliyobaki. Kufikia mwaka 1986, katika kliniki moja iliyowapima, nusu yao walikuwa na virusi. Katika wilaya ya Scott, jimbo la Indiana huko Marekani, mji wa Austin una watu elfu nne na kitu tu. Kubadilishana sindano kulikatazwa na sheria ya jimbo. Mwaka 2015 yakalipuka maambukizo, na waliopatwa wakazidi 200. Gavana Mike Pence, ambaye hakuipenda kazi hii, akalazimika kuiruhusu mwezi wa Machi mwaka ule ule. Ajabu ni kwamba mwaka 2021, moto ulipokwisha kuzimika, wakuu wa wilaya walipiga kura kuifunga. Ndivyo alivyo mwanadamu: akipona husahau dawa.

Wala asidhani msomaji kwamba haya ni ya makafiri tu. Iran ilipoona magereza yake yamejaa maradhi, mkuu wa mahakama, Ayatollah Shahroudi, aliwaandikia mahakimu mwaka 2005 wasiwazuie wanaogawa sindano na methadoni. Malaysia mwaka 2002 iliandikisha karibu maambukizo 7,000 mapya, wengi wao wajidungao. Wakuu wa dini walisitasita, wakajadiliana na madaktari, na mwaka 2006 sindano zikaanza kugawiwa. Mwaka 2010 msikiti wa Ar-Rahman, Kuala Lumpur, ukafungua mlango wake kutoa methadoni hapo hapo msikitini.

SUALA LA TANO: Je, huku si kusaidiana katika dhambi?

Hii ndiyo shubha kubwa, na aliyeitaja hakukosea kuitaja. Qurani katika Sura ya Al-Maida inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na ulevi ni haramu. Hilo halina mjadala. Lakini wanazuoni wa fiqhi wametuachia kanuni za kupimia mambo yagonganayo. Madhara huondolewa. Madhara mawili yakikutana, na moja halina budi kuwapo, huchukuliwa lililo jepesi ili kuepuka lililo zito. Na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio matano ya sharia, pamoja na dini, akili, kizazi na mali.

Tuzitumie kanuni hizo. Kijana aliyekwisha kufungwa na unga, leo atajidunga, tupende tusipende. Kumnyima bomba safi hakumwondolei unga, kunamwongezea kifo. Bomba safi halimwondolei dhambi, wala hatusemi hivyo. Linamwacha hai ili apate wakati wa kutubu, na linamlinda mkewe asiye na kosa. Maiti hatubu. Na wagawao sindano si watu wa kumpa mtu akaenda zake: kila anaporudi huulizwa habari zake, hupimwa, huonyeshwa njia ya methadoni. Kwa wengi wao, huyo ndiye mtu wa kwanza kwa miaka mingi kuwauliza, "Umeshindaje?"

Kuna kanuni nyingine nayo tusiifiche: madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Sindano zikigawiwa kiholela zikajaa mitaroni, tumemlinda teja tukamchoma mtoto wa chuo. Kwa hiyo masanduku ya kutilia zilizotumika, na watu wa kuzunguka vijiweni kuziokota, si pambo la kazi. Ni sharti lake. Atakayetaka kupunguza gharama kwa kuyaacha haya hakupunguza, bali amehamisha gharama kutoka kwa serikali akambebesha mtoto.

SUALA LA SITA: Nani alipaye?

Hapa ndugu zetu wa barazani watashangaa. Ile ghadhabu ya fedha ya umma haikuwa na mahali, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha haikuwa ya umma wetu. Waliolipa mwanzo walikuwa Waholanzi na Mfuko wa Dunia. Marekani ililipa sehemu kubwa ya kazi za UKIMWI nchini, lakini sheria yake tangu mwaka 1988, isipokuwa muda mfupi baina ya 2009 na 2011, ilikataza fedha za serikali yake zisinunue sindano. Ililipa watu, vipimo na vituo. Sindano ziliwekwa katika daftari jingine.

Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Vituo vingi vilivyotegemea fedha hizo vilifunga milango au vilipunguza wafanyakazi. Hapo tukaliona jambo ambalo hatukuwa tukiliona: mgeni alikuwa ameshika mtungi wetu, nasi tulikuwa tukigombana juu ya rangi ya mtungi. Ameuachia, na sasa lazima tuamue kama tutaudaka au utavunjika.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka vituo vya afya na zahanati mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo suala si la Nairobi peke yake wala la Geneva. Ni la Kajiado, na kila mwaka wananchi huitwa watoe maoni juu ya bajeti ya kaunti yao. Ni wangapi katika sisi tumepata kwenda? Tunakwenda kwa wingi kuomba barabara na maji, na hayo ni haki. Lakini hakuna aliyesimama kuuliza sanduku la sindano chafu liko wapi katika zahanati yake.

SUALA LA SABA: Je, sindano zatosha?

Hazitoshi, na asemaye zatosha anadanganya. Mji wa Vancouver, Kanada, ulikuwa ukigawa sindano tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado katika miaka ya 1990 virusi vilienea mno miongoni mwa wajidungao, kwa kuwa walijidunga mara nyingi kwa siku, na msaada mwingine ulikuwa haba. Sindano hufunga mlango mmoja tu; mlango wa kutokea ni matibabu.

Na hapa kuna gharama isiyoandikwa katika daftari lolote. Kijana wa Kiserian akitaka methadoni Nairobi, yampasa afike kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Tukisema nauli ni shilingi 200 kwenda na kurudi, kwa mwaka ni shilingi 73,000. Mtu asiye na kazi atazipata wapi? Tulimjua kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu, akahifadhi juzuu tatu, kisha unga ukamchukua. Alianza dawa, akaendelea majuma machache, akaacha. Tulisema, "Hakuwa na azma." Baadaye mama yake alitueleza kwamba siku ya mwisho alikwenda kwa miguu mpaka Rongai, akachoka, akarudi. Hakuwa amekosa azma. Alikuwa amekosa nauli. Alifariki, na siku ya kumwosha baadhi yetu tulisimama mbali kwa hofu ya maradhi. Ammi yake na mwalimu mmoja ndio waliomwosha. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atusamehe.

Gharama ya karamu moja ya harusi katika mji wetu ingemlipia kijana yule nauli ya mwaka mzima na ziada ikabaki. Hatusemi watu wasioane kwa furaha. Twasema tu kwamba mkono unaojua kufungua mfuko kwa pilau usijifanye haujui kuufungua kwa uhai.

FAIDA ZA SOMO HILI

Kwanza: mtu akiona sindano iliyotupwa asiishike kwa mkono mtupu, wala asijaribu kuifunika. Aichukue kwa koleo, aitie katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, aipeleke kituo cha afya. Aliyechomwa akoshe mahali pale kwa maji na sabuni, asipakamue, na aende hospitali siku ile ile, kwani kuna dawa za kuzuia virusi ambazo hazifai tena zikicheleweshwa kupita siku tatu. Watoto wa chuo wafundishwe hili kama wafundishwavyo udhu.

Pili: tuchague watu watatu katika jamaa zetu waende katika mkutano wa bajeti ya kaunti, waulize mambo mawili tu: sanduku la sindano chafu katika kila zahanati, na methadoni karibu na wanaoihitaji.

Tatu: tuanzishe sanduku la nauli kwa sadaka ya kawaida. Suala la zaka twawaachia mafaqihi. Sadaka haihitaji fatwa.

Nne: khatibu atakayelisema jambo hili mimbarini, alisome kwanza. Akiisha kulisoma akalipinga, tutamsikiliza kwa adabu na kumjibu kwa hoja.

Bomba lile alilolileta mtoto tulilipeleka kituo cha afya ndani ya chupa. Muuguzi alitushukuru, kisha akatuuliza kama tumeona mengine. Tulikuwa hatujatazama. Sasa kila Jumamosi baada ya Alfajiri wawili katika sisi hupita mtaroni na koleo na chupa. Anayetaka kuwa wa tatu atatukuta hapo.